Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utumishi wa walimu: tupandisheni madaraja kwa wakati

Waheshimiwa,

YAH: KUCHELEWA KUPANDISHWA MADARAJA YA MSHAHARA NA ATHARI ZAKE DARASANI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari ya kata, mwajiriwa wa serikali ya Tanzania tangu 2013. Najua barua kama hii hupitia kwa mkuu wa shule, ikaenda kwa afisa elimu, kisha kwa mkurugenzi. Za namna hiyo nimeshaandika, zikagongwa mihuri ya masijala, na nakala ninazo. Kwa afisa utumishi nimezoea majibu mawili, "faili lako linashughulikiwa" na "rudi baada ya bajeti". Kwenye kikao cha kusikiliza kero za walimu, afisa mmoja mwenye adabu nzuri sana aliandika cheki namba yangu, yaani namba yangu ya mshahara, kwenye daftari la kaunta, na habari ikaishia palepale. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Halmashauri yangu siitaji, wala simtaji afisa yeyote, kwa sababu jambo hili likishageuzwa kuwa ugomvi wa watu wawili litazikwa.

Ninalotaka kuwaambia ni hili. Mshahara mnaonilipa unanunua vipindi vyangu, andalio la somo, zamu na usahihishaji. Lakini shule za kata haziendeshwi na vipindi pekee. Zinaendeshwa na mwalimu anayefika kabla ya jua kwa ajili ya kidato cha nne, anayemfuata mtoro hadi nyumbani kwao, anayekaa kambini na watahiniwa wikiendi nzima bila posho. Hayo hayamo katika mkataba wa mtu yeyote. Hamwezi kuyaamuru kwa waraka, na mwalimu akiyaacha hamuwezi kumpa barua ya onyo. Huyaacha taratibu, kimya kimya, pale anapogundua kwamba aliyejituma na asiyejituma wanasubiri foleni moja isiyosogea.

Kabla ya malalamiko, haki itendeke. Mei Mosi ya 2021 pale Mwanza, Rais Samia aliahidi kwamba madaraja yatapandishwa, na yakaanza kupanda. Nyongeza ya mshahara ya kila mwaka iliyokuwa imekufa ilitangazwa upya Mei Mosi ya 2023 pale Morogoro. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kimefika shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025, kutoka 370,000. Wakuu wa shule wanapata posho ya madaraka. Vishikwambi vya sensa ya 2022 viliishia mikononi mwetu, nasi tunavitumia, ingawa changu kimeanza kugoma kuchaji. Sisemi hamjafanya kitu. Nasema mliyoyafanya hayajagusa mahali panapouma.

Panapouma ni hapa:

1. Miaka iliyopotea haijarudi.

Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisimamishwa nchi nzima ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi. Uhakiki wenyewe ulikuwa na sababu. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na sijasikia mwalimu mwenye cheti halali aliyewalilia. Ila baada ya wao kuondoka, gharama ya uhakiki tuliibeba sisi tuliokutwa safi. Walikuwapo wenzetu wenye barua za kupanda mkononi, wakaambiwa zimesitishwa. Walipokuja kupandishwa, hesabu ilianza upya kana kwamba ile miaka ya katikati walikuwa likizo.

Mimi niliajiriwa nikiwa TGTS D, daraja la kuanzia la mwalimu mwenye shahada katika ngazi za mishahara ya walimu wa serikali; juu yake ni E, kisha F. Hata kwa hesabu ya polepole, ya miaka minne minne, leo ningekuwa nimeshaipita F. Nipo E. Kati ya daraja moja na linalofuata, ngazi hizi za kwetu, kuna laki mbili na ushee kwa mwezi kabla ya makato. Zidisheni wenyewe kwa miezi ya miaka yote hiyo.

Tena haliishii kwenye mshahara. Kiinua mgongo na pensheni hukokotolewa kwa mishahara ya miaka ya mwisho ya utumishi. Mwalimu aliyestaafu akiwa nyuma daraja moja ataishi nyuma daraja moja mpaka siku anazikwa, na mjane wake ataurithi upungufu huo. Kuna mzee alistaafu shuleni kwetu, fundi wa Hisabati, tukamfanyia sherehe ya soda na keki. Barua yake ya kupanda ilifika akiwa ameshaondoka. Tuliisoma chumba cha walimu wakati wa chai, hakuna aliyejua tumpigie simu kumpongeza au tuikunje tuirudishe kwenye bahasha.

Mkaleta mserereko, yaani kumrusha mwalimu aliyecheleweshwa hadi daraja alilostahili, na waliobahatika tumewapigia makofi. Lakini wenzangu walioserereka walipewa cheo tu, mshahara wa miaka ya nyuma hawakuuona. Na kigezo gani kilimchukua huyu na kumwacha yule mwenye tarehe ileile ya ajira? Tumeuliza. Hatujajibiwa.

2. Foleni hatuioni.

Kila halmashauri ina tange, yaani orodha ya watumishi kwa ukuu wao kazini. Ningependa kujua ni walimu wangapi nchini wamewahi kuiona. Majina ya kupandishwa hutokea kama majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza: unasikia tetesi, unakimbilia kuangalia, humo haumo, unarudi darasani kufundisha kipindi cha nane.

Shuleni kwetu kuna mwalimu wanafunzi wanamwita Mama Kemia. Hatuna maabara ya maana, na kwa miaka yeye amefundisha asidi na besi kwa limau, maji ya majivu na rangi ya rosela anayoichemsha nyumbani kwake na kuileta kwenye chupa ya maji ya kunywa. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari yuko na kidato cha nne chini ya mwembe, kwa hiari yake. Miaka kadhaa nyuma alipokea mwanachuo wa mafunzo kwa vitendo, akamfundisha kuandaa somo, kushika darasa, hata namna ya kusimama ubaoni bila kuwapa wanafunzi mgongo. Yule kijana aliajiriwa halmashauri nyingine. Mwaka jana alipita kutusalimia, na katika maongezi ikajulikana kwamba yuko daraja moja juu ya mwalimu wake. Hakukusudia kumuumiza, alidhani Mama ameshapita huko zamani. Mama Kemia alicheka, akamwagizia chai.

Wiki iliyofuata kipindi cha chini ya mwembe hakikuwapo. Mkuu wa shule hakumuuliza, angeanzia wapi? Vipindi vyake vyote vya ratiba anaingia, kwa dakika. Kitaarifa, shule yetu haijapoteza kitu.

3. Ukijiendeleza unarudishwa nyuma.

Mwalimu wa stashahada anachukua mkopo, anasoma shahada likizo kwa likizo, anahitimu. Anarudi na cheti akitarajia pongezi, anakuta safari mbili. Ya kwanza ni ya kusubiri kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishwa kwenye kundi la mishahara la wenye shahada, ambayo nayo hutaka kibali na bajeti. Ya pili ni kwamba akishabadilishiwa anaweza kuanza kwenye cheo cha kuingilia cha wenye shahada, chini ya ngazi aliyokuwa ameifikia, akibebwa na kile mnachokiita mshahara binafsi, yaani cheo kimeshuka ila analipwa mshahara wake wa zamani. Kijana aliyetoka chuoni jana naye anaanzia hapohapo. Ile miaka kumi ya chaki imekwenda wapi?

Wapo wanaosikia habari hizi na kuamua kutosoma kabisa. Siwalaumu.

4. Tathmini inayosomwa upande mmoja.

OPRAS, ile tathmini ya utendaji ya makaratasi, imekwenda, sasa tuna PEPMIS, tathmini ya kujaza mtandaoni. Nakubali kwamba wazo ni zuri, maana mwalimu apimwe kwa kazi yake. Lakini kwenye shule yetu mtandao unapatikana nyuma ya choo cha wavulana na juu ya kichuguu karibu na uwanja wa mpira, na huko ndiko utawakuta watu wazima wenye shahada wamenyoosha simu juu, wanapakia majukumu ya robo mwaka kwa bando walilonunua wenyewe. Usipojaza unaonywa kwamba daraja halitapanda. Ukijaza, ukaidhinishiwa, ukapata alama nzuri, hakuna anayekuambia chochote. Adhabu ya mfumo tunaifahamu vizuri. Tuzo yake bado hatujaiona.

5. Kukua ni kutoka darasani.

Hili fupi. Mwalimu hodari wa Fizikia akitaka kuonekana amekua, lazima ateuliwe mkuu wa shule, afisa elimu kata, au ahamie ofisi za halmashauri. Cheo cha Mwalimu Mwandamizi kipo kwenye karatasi, ila mwandamizi na mgeni wana vipindi vilevile, zamu zilezile na meza ileile yenye mguu mmoja mfupi. Kwa hiyo kila mwaka tunawatoa darasani wale ambao watoto wanawahitaji zaidi, tena tunawafanyia sherehe.

6. Shukrani zetu ni za jukwaani.

Kila Mei Mosi, na kila tarehe 5 Oktoba Siku ya Walimu Duniani inapofika, tunaitwa nguzo ya taifa. Mwaka mmoja mwenzetu alitangazwa mfanyakazi bora, akapewa cheti na hundi ya mfano, ile kubwa ya ubao anayoishika mtu na mgeni rasmi wakapigwa picha. Fedha yenyewe aliifuatilia mpaka akachoka. Ile hundi ya ubao mkewe ameifanya mfuniko wa pipa la maji. Ahadi ya kila alama A katika mtihani wa taifa kulipwa fedha taslimu nayo huja na matokeo na kuondoka nayo.

Lakini matokeo yakishuka, hapo kumbukumbu zenu ni nzuri. Wakuu wa shule huvuliwa madaraka, walimu hupangwa mstari kwenye vikao na kufokewa mbele ya wazazi waliokuwa wanafunzi wao. Mwaka 2009 wilayani Bukoba ilifika walimu 19 wa shule za msingi kuchapwa viboko na polisi kwa amri ya mkuu wa wilaya, kisa matokeo mabaya. Rais Kikwete alimwondoa kazini, na alifanya vyema. Ila kwamba wazo kama lile liliweza kumjia kiongozi na likapata watekelezaji, kunatuambia heshima ya mwalimu ilikuwa imeshushwa kiasi gani hata kabla ya fimbo ya kwanza.

Waheshimiwa, majibu yenu nayajua, maana nimeyasikia yote nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi.

Mtasema bajeti haitoshi na ikama, yaani idadi ya watumishi na vyeo vilivyoidhinishwa, haijaruhusu. Ikama ya kila mwaka mnaiandaa ninyi. Tarehe yangu ya kuajiriwa mnayo, na tarehe ninayostahili kupanda inajulikana miaka kadhaa kabla. Deni ambalo tarehe yake inajulikana mapema hivyo haliwezi kuitwa dharura.

Mtasema walimu ni wengi kuliko kada nyingine, hivyo kuwapandisha wote kwa wakati ni mzigo. Ni kweli tuko wengi, na watoto ni wengi pia, hasa baada ya elimu bila ada kuanza 2016. Madarasa yalipofurika hakuna aliyetuambia tufundishe nusu yao kwa kuwa ni mzigo.

Mtasema mifumo inachukua muda. Hapa naomba nisimame kidogo. Mwishoni mwa 2021 zilikuja fedha za kukabiliana na UVIKO-19, na kwa miezi michache tu yakajengwa madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari, ili wanafunzi wa Januari 2022 wapate pa kukaa. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya mapokezi ya vifaa. Tulihesabu mifuko ya saruji usiku kwa tochi za simu, tukalala na nondo ofisini zisiibiwe, tukapiga picha za kila hatua na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wilaya ambako mkurugenzi alikuwa macho hadi saa sita. Lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ilipochelewa siku mbili, gari la serikali lilifika. Basi msiniambie kwamba dola hii haiwezi kutimiza jambo kwa tarehe. Inaweza, nimeiona kwa macho yangu. Ninachouliza ni kwa nini daraja la mwalimu halijawahi kupewa uharaka wa lenta.

Na mwisho mtasema ualimu ni wito. Hili hunichosha kuliko yote. Padri ana wito na ana nyumba ya parokia. Daktari ana wito na ana posho ya kuitwa usiku. Wito ndio ulionileta shuleni, sikatai, lakini karo ya mwanangu aliye chuoni hailipwi kwa wito, na wakopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, walioshika kadi za benki za wenzangu hawajawahi kukubali wito kuwa dhamana. Mkiona mwalimu anakimbilia bodaboda yake saa tisa na nusu, au anauza vitenge chumba cha walimu, msianze kwa kuuliza maadili yake. Ulizeni yuko daraja gani na tangu lini.

Tunayoomba hayahitaji sera mpya. Pendekezo la ILO na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, la mwaka 1966, lilishasema kupandishwa kufuate vigezo vya kitaaluma vilivyowekwa kwa kushauriana na vyama vya walimu, na kwamba safari ya kutoka chini ya ngazi ya mshahara hadi juu yake isizidi miaka 10 hadi 15. Nchi yetu inaadhimisha siku iliyotokana na pendekezo hilo kila Oktoba. Basi:

Tange ya kila halmashauri ibandikwe hadharani kabla ya mwaka wa fedha kuanza, ikionyesha tarehe ya ajira, daraja la sasa, tarehe ya kupanda iliyopita na inayotarajiwa. Anayerukwa apewe barua yenye sababu, na muda wa kukata rufaa.

Walioathiriwa na usitishaji wa 2016 warudishiwe ukuu wao kamili, sio kwa bahati ya orodha bali wote kwa kigezo kimoja kinachosomeka. Wastaafu wa kundi hili wakokotolewe mafao upya. Najua ombi hili ndilo ghali kuliko mengine, na ndiyo maana silifichi katikati ya sentensi nyingine.

Malimbikizo yanayotokana na kupanda yalipwe yakiwa na tarehe iliyotajwa kwenye barua ya kupanda.

Anayejiendeleza asipoteze ngazi aliyofikia. Na iwepo njia ya kukua ukiwa umeshika chaki: mwalimu mbobezi apunguziwe vipindi, apewe kazi ya kuwalea wageni na kuongoza MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, shuleni, na hilo lionekane kwenye mshahara wake.

Kuhusu zawadi, ombi langu ni dogo. Msiahidi jukwaani fedha ambayo haijatengwa. Cheti kitupu kinachotolewa kwa ukweli kitatutosha.

Nitasubiri majibu kwa siku 60, kwa anuani ya shule, kupitia kwa mkurugenzi, kama utaratibu unavyotaka. Yakija, nitayasoma chumba cha walimu wakati wa chai, kisha nitayatoa hadharani kama nilivyoitoa barua hii, hata kama yanasema nimekosea hesabu zangu. Yasipokuja, barua ya pili itakuwa na saini za wenzangu wa shule nyingine, ambao wameshaniuliza kwa nini nimeandika peke yangu.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa shule ya sekondari ya kata,
TGTS E

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yetu
Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri yetu
Chama cha wafanyakazi ninachokatwa ada kila mwezi
Ubao wa matangazo, chumba cha walimu